Rasimu Tatu Kwenye Msumari Mmoja

Juzi nilipigiwa simu kutoka Singida: Mama Msumari hatunaye tena. Nililia kidogo, halafu, Mungu anisamehe, nikacheka. Ungemjua, ndugu msomaji, ungecheka nawe. Alikuwa mhariri wa jarida dogo la chama cha wakulima, na bosi wangu wa kwanza, miaka ile biashara ilipofunguliwa na wanunuzi binafsi wakaanza kuingia vijijini kutafuta alizeti. Jarida letu ndilo lililowaambia wakulima lori litafika wapi na siku gani.

Jina hilo alilipata kwa msumari mrefu uliopigiliwa ukutani nyuma ya kiti chake. Kila rasimu aliichoma pale, ya kwanza chini, ya mwisho juu, na hakuna iliyotupwa. Bila sahihi yake ya penseli nyekundu, karatasi haikwenda kwenye mashine ya kudurufu. "Shikamoo mama, basi la kupeleka magazeti linaondoka," nilimlilia siku moja. "Marahaba. Liache liondoke," akajibu bila kuinua macho. Jamani, yule mama alinitesa!

Basi wiki moja jarida likatoka likisema lori litafika kijijini Mtinko Jumamosi. Wakulima wakajikusanya na magunia yao, kumbe lori lilikuja Ijumaa, likakuta uwanja mtupu, likageuza. Jumatatu mwenyekiti wa chama akaingia ofisini amevimba. "Wewe kijana, leo leo rudi kwenu ukachunge mbuzi!" Nikaapa kwamba niliandika Ijumaa, lakini nani angeniamini? Mama Msumari akachomoa rasimu zote akazitandaza mezani. Ya kwanza, mwandiko wangu: Ijumaa. Ya pili: Ijumaa. Ya tatu, Ijumaa imekatwa, na juu yake imeandikwa Jumamosi kwa penseli nyekundu. "Aisee," akasema, "tunamtafuta mtu, kumbe mtu mwenyewe ni mimi! Jumamosi ni lori la kwetu Misigiri. Nimechanganya." Ufunguo wa ofisi alikuwa nao peke yake, na lawama alizisikia tangu Jumapili. Angetaka, ile ya tatu angeichana. Kesho yake akambembeleza mnunuzi arudishe lori, akapanda nalo hadi Mtinko kuomba radhi. Wakulima, ambao hawakuwahi kuona mkubwa wa ofisi akikiri kosa, wakampa jogoo. Tulimla sote, na mwenyekiti akapewa firigisi ili apoe.

Siku hizi chumba chetu cha habari kina mfumo wa kompyuta. Unatunza kila toleo la habari na jina la aliyeligusa, na hakitoki kitu ambacho mhariri hajakiidhinisha. Vijana wananiambia ni jambo jipya. Weee! Jipya kwa nani? Tena wengi wanaufungua kumtafuta mwenzao aliyekosea, mara chache sana kujitafuta wenyewe.

Mazishini Misigiri binti yake alinikabidhi wasifu wa marehemu niusome. Waliuandaa pamoja mama alipokuwa anaumwa: rasimu tatu, zote na tundu la msumari. Katika ya kwanza binti aliandika, "Kazini hakuwahi kukosea." Katika ya pili sentensi hiyo imekatwa kwa penseli nyekundu. Nikasoma ya tatu, yenye sahihi ya mama, kama ilivyo: "Alikosea Mtinko. Shahidi ndiye huyu anayewasomea." Waombolezaji wakaangua kicheko. Mtu anayetunza hata karatasi inayomuumbua, huyo mwamini. Mimi nilimwamini tangu Jumatatu ile.