Kobe wa Mama Hakuwa na Kibali

Baba yangu hajawahi kuvusha hata kiroba cha chumvi bila karatasi. Miaka yote aliyoendesha lori kutoka bandarini hadi Tunduma, na kupita hapa kuingia Zambia, wenzake walimcheka kwa kusimama foleni hadi mwisho huku wao wakitafuta njia za panya. Walimtania kwamba siku akifa atadai muhuri kwanza ndipo akubali kuzikwa. Yeye alitabasamu tu na kuendelea kupangusa kioo cha lori lake.

Mimi nimerithi mambo yake ya karatasi, ila utulivu wake sikuupata. Nafanya kazi kwa wakala wa forodha hapahapa mpakani, kutwa nabishana na madereva, na mdomo wangu hauna breki. Nasema mapema, mtu asije akashangaa huko mbele.

Kobe alikuja na mama. Mama alikuwa Mnamwanga wa Msangano, na biashara yake ilikuwa mpunga wa hukohuko kwao, anaununua shambani na kuuleta mjini. Siku moja nikiwa bado shule ya msingi alirudi amekaa juu ya magunia, kapakata kitu kwenye kanga. Alisema alikikuta katikati ya barabara, gari lingekisaga. Kilikuwa kikobe kidogo, kinaenea kiganjani, gamba lake lina madoa ya njano na meusi. Mjomba akatoboa tundu pembeni mwa gamba kwa waya wa moto, mama akafunga hapo kipande cha kanga nyekundu ili tumwone majanini, na majirani wajue ana mwenyewe. Mtaani kwetu hakuna aliyeshangaa. Nani angeuliza kibali cha kobe?

Akakua nasi. Alikula matembele, maganda ya papai, na nyanya zilizoiva sana. Rangi nyekundu ilimtia wazimu. Mama alikuwa na kandambili nyekundu, na popote zilipokwenda kobe alizifuata, uani, jikoni, hadi mlango wa choo. Mama alimsemesha kwa Kinamwanga. Baba, mtu wa Tanga aliyekuja huku akiwa utingo, Kinamwanga chake kilikuwa cha kuombea maji tu, lakini naye alimsemesha kobe hivyohivyo, tena kwa lafudhi ya kuchekesha. Alisema huyu si mtu wa Tanga, Kiswahili hakielewi.

Mwaka juzi sukari ilimchukua mama. Sitaki kuyaeleza ya hospitali. Baba alirudi kutoka makaburini, akapokea watu, akashukuru kila mmoja, halafu maneno yakamwisha. Ukimsalimia anaitikia, ukimwuliza ale nini anasema chochote. Mtu pekee aliyekuwa akipata maneno yake marefu ni kobe. Asubuhi moja nilimkuta baba uani amevaa kandambili za mama, visigino vimetokeza nje kwa nyuma, anakwenda polepole huku na huku, na kobe yuko nyuma yake. Nilicheka. Halafu nikaingia bafuni nikalia mpaka nikaishiwa pumzi.

Hivyo ndivyo alivyoishi. Aliamka, akaswali, akavaa kandambili, akaenda kwa kobe. Mimi nilijua kabisa kwamba ni huyo kobe anayemwamsha.

Sasa redio. Laiti ningeizima! Ilikuwa baada ya alasiri, nachambua mchele, na afisa wa wanyamapori anahojiwa. Akasema kobe, kinyonga, kenge, nyoka, wote ni wanyamapori, na wanyamapori ni mali ya taifa. Kuwakamata, kuwafuga au kuwauza bila kibali ni kosa, na usije ukasema ulimwokota tu njiani. Baba alinyanyua kichwa.

"Kumbe tunaishi na mzigo wa magendo," akasema.

"Baba, acha hizo. Nani atakuja kukagua kobe?"

"Mama yako hakuwa mwizi."

"Kwani nani kasema ni mwizi?"

"Redio."

Kuanzia siku hiyo hakutulia. Na hapa ndipo ilipo shida yetu sisi watu wa mpakani. Kwetu, mzigo unakuja kwanza, karatasi inafuata. Lori linafika, linaegeshwa yadi, unatangaza ulichobeba, unapigiwa hesabu, unalipa, muhuri unagongwa, safari njema. Hata kama kuna kasoro, unatozwa faini na mambo yanakwisha. Baba aliishi humo maisha yake yote. Akaamini kwamba akimpeleka kobe ofisini na kumtangaza kwa mdomo wake mwenyewe, watamkaripia kidogo, watamtoza, watampa kibali, na mama atapumzika kaburini akiwa safi. Nilimwambia asiende. Nilimwambia kwa upole, kisha kwa kelele. Alinijibu kwamba yeye hajawahi kujificha na mzigo, hataanza uzeeni.

Basi nikaomba ruhusa kazini nikakodi teksi. Ningemwachaje aende peke yake? Tulikwenda Vwawa, kwenye ofisi ya wanyamapori, baba kiti cha nyuma na beseni mapajani, kobe ndani yake juu ya matembele. Alivaa kanzu iliyopigwa pasi. Njiani alimwonyesha kobe kahawa za Mbozi.

Afisa aliyetupokea alikuwa dada mdogo kwangu kiumri, sare yake imemkaa vizuri. Akamwamkia baba shikamoo, akamvutia kiti. Baba hakukaa.

"Nimekuja kumtangaza kobe wangu," akasema. "Sina kibali chake. Nataka kulipa ninachodaiwa, nipewe."

Yule dada alimtazama kobe, akamtazama baba, na nikaona uso wake unabadilika. Wallahi, hapohapo nilijua tumeumia.

Alieleza taratibu. Kibali hutangulia, mnyama hufuata. Anayetaka kufuga huomba kwanza, na lazima ionekane mnyama ametoka wapi kihalali. Aliyetolewa porini bila ruhusa hana njia ya kugeuzwa kuwa halali baadaye, hata akae nyumbani miaka mingapi.

"Huyu ni urithi," baba akasema. "Ameachwa na mke wangu."

"Pole sana, baba. Lakini marehemu hakuwa na haki ya kumrithisha. Hakuwa wake."

Baba akakaa. Beseni likagonga meza.

Jamani, nililipuka. Nilimwambia mimi kutwa niko mpakani, naona yanayopita, wenye pesa wanavusha wanyama wanaotaka, na leo mnakuja kumbana mzee aliyejileta mwenyewe! Nilimwambia mengi, mengine siyarudii. Aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Dada yangu, kila ninayemkamata na kobe kwenye gunia ananiambia ni kobe wa mama yake." Hakusema kwa kejeli. Alisema kama mtu aliyechoka.

Alimgeuza kobe polepole, akaona tundu la mjomba. Akatuambia gamba la kobe si kama kucha, lina uhai, na wakati ule waya ulipopita alisikia maumivu. Baba akashika kile kitambaa chekundu.

"Mama yake hakujua," akasema, akinionyesha mimi kwa kidevu. "Angejua asingefanya. Andika hapo kwamba hakujua."

Yule dada akaandika. Akaandika pia kwamba mzee amekuja mwenyewe, na akatuambia mahakamani hatutafika. Kisha akachukua mkasi, akakata kile kipande cha kanga, akamkabidhi baba kwa mikono miwili. Kitambaa ni chenu, akasema.

"Nilipie wapi?" baba akauliza.

"Hakuna cha kulipa, baba."

Sijawahi kumwona amechanganyikiwa hivyo. Mtu amejiandaa kutoa, anaambiwa hadaiwi, na bado anaondoka mikono mitupu. Aliomba kitu kimoja, kwamba wakimrudisha porini aitwe aone ni wapi. Yule dada aliahidi. Alisema kwanza lazima akae chini ya uangalizi, apimwe na daktari wa mifugo asije akapeleka ugonjwa kwa wenzake, na waone kama bado anaweza kujitafutia.

Nyumbani baba aliendelea kuchuma matembele asubuhi. Aliyaweka pembeni mwa uzio, jioni nikayatoa yamenyauka. Kandambili nyekundu zilikaa mlangoni. Nilimwambia kuna jirani ana paka mwenye watoto, nimletee mmoja? Akaniuliza kama paka anakula matembele. Sikujua kama ni utani. Zamani ningejua.

Simu ikaja. Yule dada alitimiza ahadi. Kobe yuko mzima, anakula majani ya porini, watampeleka bondeni upande wa Msangano, kwa kuwa ndiko alikotoka. Nilifurahi, nikadhani baba atafurahi pia, kwamba kobe anarudi kwao mama. Alisema sawa.

Siku ya safari alitoka chumbani amevaa viatu vyake vyeusi vya ngozi, vile vya Ijumaa, amevipiga rangi hadi vinang'aa. Nikamwambia, baba, tunakwenda porini, kuna vumbi na miiba, vaa basi hata zile ndala zako. Akainama kufunga kamba. Nikasema shauri yako.

Tulifuata gari lao, teksi yetu ikimeza vumbi, hadi mahali ambapo mashamba ya mpunga yameisha na miti imeanza. Joto la huko si la Tunduma, mtu unatoka jasho umekaa. Yule dada alimweka kobe chini kwenye majani, akatuomba tusimguse wala tusimwite. Bila kitambaa nilimwona mgeni, kobe tu kama kobe mwingine.

Alikaa amejificha ndani ya gamba. Kisha akatoa kichwa, akatazama. Akaanza kuja kwetu. Alikuja moja kwa moja hadi mbele ya baba, akanusa vile viatu vyeusi, kimoja, kisha kingine. Baba alisimama wima, mikono nyuma, macho yake mbele kama askari. Hakusema neno, si kwa Kiswahili, si kwa Kinamwanga. Kobe akangoja kidogo. Akageuka, akaingia majanini, tukasikia majani yakichezacheza, halafu hatukusikia kitu.

Ndani ya teksi nilikuwa na hasira, na sikuweza kuimeza. Nikamwambia, "Baba, angalau ungevaa kandambili za mama. Amekuja hadi miguuni kwako na hakukujua!"

Alikuwa amefumbata kile kipande cha kanga. Teksi ikaanza kupanda mlima.

"Ningevaa kandambili angenifuata," akasema. "Halafu ningemwambia nini, mwanangu? Kwamba sina kibali?"