Mdogo wangu bingwa wa judo anataka tumchimbie mama kaburi, na mama yuko jikoni

(Ujumbe huu tumetumiwa na dada mmoja wa Rumonge. Jina lake tunalo sisi tu. Soma mpaka mwisho ndipo utoe maoni.)

Habari zenu admin na wafuasi wote. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na nne, nauza mawese hapa Rumonge, nina watoto na ninaishi na mama yangu mzazi. Naomba mfiche jina langu, ingawa ninayemwandika leo hastahili kufichwa hata kidogo. Ni mdogo wangu wa kiume, tumbo moja. Huko Ulaya wanamwita Bingwa, basi na mimi nitamwita hivyohivyo, ili mpate kucheka pamoja nami.

Wakati wa vita tulikuwa tunakaa Minago. Watu wenye silaha walikuwa wakichukua vijana wawabebee mizigo mlimani, na wengi hawakurudi. Baba alikuwa ameshauawa. Bingwa alikuwa na miaka kumi na saba, mwoga kupita kiasi, hata kuchinja kuku alinisukumia mimi. Asubuhi moja mama akamvisha kitenge chake, akamfunga kilemba, akamtwika beseni la ndagala, yaani dagaa, tukaondoka naye katikati ya wanawake wa sokoni mpaka kwenye kizuizi. Mimi nilikuwa nyuma yao na nilisikia kila neno.

"Uyu mukobwa mbona iko murefu hivi?" mwenye bunduki akauliza, akidhani ni msichana kweli.

"Anaharisha tangu jana," mama akamjibu bila kupepesa macho. "Ukitaka kumukagua, mukague. Lakini nguo zako utafua wewe mwenyewe."

Yule mtu akajitenga haraka, tukapita. Siku hiyohiyo Bingwa akapanda mtumbwi wa wavuvi kwenda Kigoma. Tuliporudi, wale wenye silaha walikuwa wameshaambiwa kwamba tumemtorosha. Walimpiga mama begani kwa kitako cha bunduki, na mpaka leo mkono wake wa kulia haupandi juu ya kifua. Nywele namchana mimi.

Judo Bingwa alijifunzia kambini, huko Tanzania, kwa mkimbizi mwenzake. Kipaji alikuwa nacho, simnyimi haki yake. Akapelekwa Ulaya, akapewa uraia, akaanza kuwabwaga watu chini kwa ajili ya bendera ya wenyewe. Alipopata medali ya kwanza mama alipika wali, akaita majirani, akacheza mpaka kanga ikamvuka. Sote tulijivuna. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Mwaka jana mteja wangu mmoja alinionyesha simu yake pale sokoni. Bingwa amekaa kwenye kiti kizuri, ana kitambi siku hizi, anasimulia vita kwa Kifaransa. Akasema aliona mama yake akiuawa mbele ya macho yake. Akasema aliwarukia watu watatu wenye bunduki akawaangusha kwa mikono mitupu. Watatu! Huyu aliyepita kizuizini akitetemeka mpaka ndagala zikamwagika njiani! Mtangazaji wa kizungu akafuta machozi. Mteja wangu akanishika mkono: "Pole sana dada, sikujua mama alikufa." Mama alikuwa nyuma yangu palepale, anabishana na mtu juu ya bei ya mihogo.

Nilimpigia simu. Akaniambia, "Dada, wewe hauelewi. Bila ile histoire, ile hadithi ya vita, singepata papiers za kukaa huku. Sasa iko mu kitabu, iko kila pahali. Wakijua, wananifukuza."

Ndugu zangu, uongo wa mkimbizi anayeomba hifadhi ninauelewa, shida haina adabu. Lakini wale watu watatu wenye bunduki, nani alimwomba?

Sasa ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Kuna watu wanatengeneza filamu ya maisha yake na wanataka kumpiga picha akilia kwenye kaburi la mama. Bingwa anataka tuinue tuta karibu na kaburi la baba, tuweke msalaba wenye jina, na mama mwenyewe tumpeleke Gitaza kwa shangazi. "Siku chache tu, dada. Asionekane." Anabwaga wanaume wa kilo mia, lakini kizee wa miaka sabini aliyemzaa anamtia hofu.

Nilimtukana, nikakata simu. Yeye akampigia mama moja kwa moja. Na mama, jamani, amekubali! Nilimkuta ameshapalilia mahali penyewe, jembe kalishika kwa mkono mmoja. Nikamfokea, nikamwambia mwanao hana haya. Akafuta udongo kwenye jembe, akaniambia:

"Mutoto akifukuzwa kule, ataenda wapi? Mimi kufa siku mbili tatu si kitu."

Ila Gitaza hataki kwenda. Anataka ajifunike kichwa, asimame na majirani, amwone mwanawe kwa macho yake, maana tangu ule mtumbwi hajamwona. Nilimfikishia Bingwa ombi hilo. Akajibu kwamba mama asisogee karibu, kamera zitakuwa nyingi.

Wanafika wiki ijayo. Nikisimama mbele ya hizo kamera nikasema mama huyu hapa, huyo fedhuli atapoteza kila kitu, na mama hatanisamehe mpaka afe kweli. Nikinyamaza, itabidi nishike jembe nimchimbie kaburi aliyenizaa, halafu nisikilize mtu akimlilia kwa uongo mbele yake.

Jana tulikuwa tunachambua maharage, mama akaacha kuchambua, akaniuliza: "Akianza kulia pale kwa kaburi, nitaruhusiwa kwenda kumufuta machozi?"

Niliinuka, nikatoka nje. Ninyi mnaosoma, mama huyu nimjibu nini? Nishaurini nifanye nini, maana yeye bado anangoja jibu langu.