Anemoni Aliyemwagiwa Mafuta ya Upako

Naanza na hili ili lieleweke: anemoni si jini. Ni mnyama. Hana macho, hana mifupa, hana akili ya kumwonea mtu wivu, na huko baharini anakotoka hajawahi kusikia habari za mtaa wetu wa Lucky Summer wala za tumbo la mtu yeyote. Anashikilia jiwe kwa mguu wake mmoja, anafungua vidole vyake laini kama ua, anangoja chakula kipite. Basi. Lakini nenda ukawaambie hivyo wanawake wa ushirika wa dada yangu. Mimi niliwaambia mpaka koo likakauka.

Tangi nililipata kazini. Mimi ni karani kiwandani, na mkubwa wetu mmoja alipokuwa akihama ofisi alisema lile tangi lake la kioo likatupwe, na taa yake na pampu yake. Nikasema thubutuni, hilo ni langu. Wanaume wa mkokoteni walilipandisha hadi ghorofa ya tatu wakinilaani kila ngazi. Nililiweka sebuleni, pale ambapo watu wengine huweka kabati la vyombo vya wageni.

Hapo ndipo nilipoanza kufunzwa adabu. Kumbe maji ya bahari hayatengenezwi kwa chumvi ya ugali na sukuma, yana chumvi yake maalum. Kumbe maji ya mfereji yana dawa inayoua viumbe, kwa hivyo nikawa nabeba mitungi ya maji yaliyochujwa kutoka dukani hadi mabega yakafa ganzi. Na ukishamaliza hayo yote, bado huweki mnyama ndani. Unangoja miezi na miezi, tangi lina mawe matupu, mpaka vijidudu vya kula uchafu viote kwenye mawe. Jirani yangu wa mlango wa pili alikuwa akinikuta ngazini asubuhi ananiuliza, "Niaje, mawe yameamkaje leo?" Nilitamani kumtupia moja.

Anemoni alikuja kwa basi kutoka Pwani, ndani ya ndoo yenye kifuniko. Alikuwa amejikunja kama ngumi, rangi ya chai ya maziwa. Nikamweka kwenye jiwe zuri nikidhani atatulia hapo. Wapi! Kesho yake alikuwa kwenye kioo. Kisha nikamkuta anajikokota kuelekea pampu, ambayo ingemsaga kama mahindi poshomilini. Nikaifunika pampu kwa soksi na sifongo, nikakaa chini nikimtukana kwa lugha ya nyumbani kwetu. Alizunguka hadi akachoka, akachagua pembe iliyo chini ya taa, akafunguka. Ncha zake zilikuwa za zambarau.

Nilimnunulia samaki, wale wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, wawili. Wakampuuza kabisa. Halafu asubuhi moja, kikombe cha chai mkononi, niliwakuta wamelala katikati ya vidole vyake, wamefunikwa. Nililia. Ndiyo, mtu mzima na kitambulisho changu. Katika nyumba ile kila kitu kingine kilikuwa kimeshatolewa maoni na ukoo mzima: mapazia yangu, unene wangu, kiti kisichokaliwa na mume. Hiki hakuna aliyekuwa amekitolea maoni bado.

Mama alikuja kutoka nyumbani kutibiwa magoti. Alimpenda anemoni. Alivuta kiti mbele ya tangi, akamtazama akipokea kipande cha kamba, wale wa baharini wanaoliwa, kwa vidole na kukipeleka katikati.

"Huyu anatolea wapi uchafu?" akaniuliza.

"Palepale anapoingizia chakula, Mama."

"Basi ni mwanasiasa," akasema, akacheka mpaka akashika magoti.

Kisha dada yangu mkubwa akaja kutoka mtaa wa Ziwani kumsalimu Mama. Dada ndiye kiongozi wa ushirika wao wa maombi, na haingii nyumba ya mtu bila kuikagua. Alisimama mbele ya tangi bila kuvua sweta.

"Kitu cha baharini," akasema, "ndani ya nyumba ya mwanamke asiye na mume. Na bado mnauliza kwa nini hajazaa?"

Akaeleza, na Mama akasikiliza. Kwamba baharini kuna majini yanayooa wanawake bila wao kujua. Kwamba jini likishakuoa linakufunga tumbo na kufukuza wanaume wa kweli. Tangu siku hiyo Mama hakuvuta tena kiti pale. Alianza kufunga na kuomba. Mwanamke wa magoti mabovu, mwenye dawa za kumeza na chakula, anafunga kwa ajili ya tumbo langu.

Sasa niseme wazi, maana hapa ndipo hasira yangu inapokaa. Mimi sina kizazi. Kilitolewa hospitalini pamoja na uvimbe uliokuwa ukinimaliza damu, na nilipozinduka, aliyekuwa amekaa kando ya kitanda ni dada yangu. Yeye peke yake. Ni yeye aliyesema, "Tusimwambie Mama, ana presha, habari hizi zitamuua." Nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimechoka na kwa sababu yeye ni mkubwa. Kwa hivyo aliposimama sebuleni kwangu akihubiri tumbo lililofungwa, alijua hakuna tumbo la kufungwa. Alijua!

Nilimvuta jikoni nikamwambia hivyo. Akanishika mkono. "Mwache Mama awe na tumaini. Linakugharimu nini?"

Jumamosi iliyofuata nikajua linanigharimu nini. Nilitoka kazini mchana, na nikiwa bado ngazini nikasikia wimbo wa vita vya kiroho, na makofi. Ulikuwa unatoka kwangu. Mlango wazi, viti vimepangwa duara, wanawake wamejaa, Mama amepiga magoti yale yale ya kutibiwa, analia kwa sauti. Taa ya tangi ilikuwa imezimwa. Na dada yangu amekunja mkono wa blauzi, chupa ya mafuta ya upako mkononi, tupu.

"Mmefanya nini?"

"Limenishika!" dada akaniambia, macho yamemtoka. "Nimeligusa nikemee, likanishika kidole! Lilikataa kuniachia!"

"Ndivyo anavyokula! Anadhani wewe ni kamba!"

"Mmesikia?" mwanamke mmoja akawaambia wenzake. "Anajua lilikuwa linawaza nini."

Wakanizunguka waniombee mimi pia. Mkono wa mtu ukanikaa kichwani. Niliutoa. Sikumsukuma mtu, ingawa nilipenda. Nilisimama kando ya mlango, nikasema kwa sauti ambayo nadhani ilifika hadi stendi, "Tokeni. Nyote. Hata aliyeacha kiatu, atakifuata kesho."

Mafuta yalikuwa yametanda juu ya maji yote, utando wa manjano. Chini yake maji hayapumui, na kila kilichomo kinakosa hewa. Chini kulikuwa na chumvi pia, ya mezani, chungu nzima, imemwangukia anemoni kama mchanga wa kaburi. Nilitandaza karatasi za jikoni juu ya maji, nikazivuta, nikatandaza nyingine. Nikanyonya chumvi kwa mpira, nikatoa maji, nikatia mengine. Mama alikaa kwenye kochi akinitazama.

Samaki niliwahi kuwahamisha kwenye ndoo ya maji mapya, na pampu ndogo. Anemoni hahamishwi hivihivi, ameshikilia jiwe, ukimvuta unamchana mguu. Nikamngoja. Alijikunja, akafunguka kidogo, akajikunja tena. Siku zilizofuata mdomo wake ulilegea ukapinduka nje, vidole vikaanza kuyeyuka kama sabuni iliyosahauliwa ndani ya beseni. Mguu ukaachia jiwe wenyewe. Anemoni akifa anaoza upesi na kuharibu maji yote, kwa hivyo nilimtoa kwa mikono yangu, nikamtia kwenye sufuria kuukuu. Harufu ilikuwa ya samaki wa juzi. Nililia kwa hasira, si kwa huzuni. Huzuni ilikuwa bado iko foleni.

Dada alikuja jioni hiyo kushukuru. Kushukuru! Alileta kuku wa kupika. Akaiona sufuria mezani, akainua mikono, "Bwana asifiwe, limeshindwa."

Mama alinigeukia. Uso wake ulikuwa umeng'aa, wa mtoto aliyeahidiwa nguo ya Krismasi.

"Limekufa, mwanangu. Sasa mlango umefunguka, sivyo?"

Nilimtazama dada. Nilimpa nafasi, Mungu shahidi. Alikuwa anafungua mfuko wa kuku, kana kwamba ule mfuko una mafundo mia.

"Mama," nikasema, "mimi sina kizazi. Madaktari walikitoa. Kilikuwa na uvimbe, ningekufa. Muulize huyu, yeye ndiye aliyekuwa na mimi hospitalini."

Hakuanguka. Presha haikumuua. Alisugua goti lake kwa kiganja, akaangalia sufuria, kisha akamwangalia binti yake mkubwa.

"Ni kweli?"

Dada akaitikia kwa kichwa.

"Ulijua siku ile mlipokuja hapa?"

"Mama, nilitaka tu usipoteze..."

"Nimekuuliza ulijua?"

"Nilijua."

Mama aliinuka kwa kushikilia meza, akachukua ule mfuko wa kuku, akaurudisha mikononi mwa dada, akavifunga vidole vya dada juu yake kimoja kimoja.

"Nilipiga magoti haya mbele ya wanawake wa watu," akasema. "Nikalia mpaka sauti ikakatika. Na wewe ulikuwa umesimama hapo juu yangu, unaitikia amina."