Kituo cha Mafuta cha Kwenye Kona

Nina shahada mbili, na siku ile hakuna hata moja iliyonisaidia.

Tangu nihamishiwe Mbinga kutoka Dodoma, jioni zangu huishia kwenye simu, nikiendesha basi la mchezo. Shabiki mmoja ametengeneza modi, yaani nyongeza ya mchezo, ya barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay, akaiweka kwenye mtandao mdogo tunamokutana sisi wendawazimu wa mabasi. Nimeishuka ile milima mpaka kona zote nazijua.

Wiki iliyopita tulikuwa tunakwenda Mbamba Bay kikazi, wananchi wakitusubiri mkutanoni. Garini sote tulikuwa wageni wa mkoa. Dereva alitaka kujaza mafuta mjini, lakini mkuu wetu, Mama Massawe, aliona tumechelewa. Akauliza kama mbele kuna kituo.

"Kipo, Mama," nikadakia. "Ukimaliza kona kali, mkono wa kulia. Nimepita pale mara nyingi."

Tulipofika, mkono wa kulia palikuwa na shamba la kahawa na mbuzi aliyefungwa kamba. Mbele kidogo gari likakohoa, likazima.

Nikamwandikia kwa siri mtengenezaji wa ile modi, nikimuuliza kituo kiko wapi. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti, nami kwa kiherehere nikaufungua palepale.

"Shikamoo mzee! Kile kituo hakipo, nilikibuni tu. Mabasi yenu yalikuwa yanaishiwa mafuta mlimani, halafu mnanitukana mimi!"

Dereva akageuka kunitazama. Mama Massawe akavua miwani.

"Baba," akasema taratibu, "hii barabara umewahi kuipita ukiwa ndani ya gari?"