Siku Mtani Alipokubali

Jumapili iliyopita wajukuu zangu walikuja kunisalimia hapa Goba, na hata shikamoo hawajaimaliza vizuri wakawa wameshaanza kubishana. Safari hii ubishi ulikuwa wa michezo. Nani katika dunia hii, tangu watu waanze kushindana, anastahili kuitwa bingwa wa michezo yote? Mmoja anataja mkimbiaji, mwingine anataja mcheza mpira, wa tatu anasema mpira peke yake si hoja, tunataka mtu aliyeweza kila kitu. Wakatoleana masimu, wakaoneshana picha. Mimi nilikuwa nachambua mchele.

"Bibi, na wewe unasemaje?" akaniuliza mkubwa wao, kwa kunichokoza.

"Baba yangu," nikasema.

Wakacheka, na hilo halikuniudhi. "Bibi bwana! Alichezea timu gani huyo?" Ningewajibu, na maneno nilikuwa nayo. Lakini yule mdogo wao, msichana, akanitazama usoni, sijui aliona nini, akamfinya kaka yake. "Basi, bibi, ni baba yako," akasema. "Sie tumekubali." Wengine nao wakaitikia kwa upole, tumekubali, bibi, tumekubali. Nikainuka na ungo wangu, nikajifanya naenda kuangalia nazi jikoni, nikalia huko. Nadhani walifikiri ni machozi ya furaha.

Sikuwaeleza. Wewe nitakueleza, maana wewe unayo subira na huna simu mkononi, au kama unayo, iweke chini kidogo.

Nilizaliwa Temeke, wakati wa Mwingereza. Usiifananishe Temeke ile na hii ya leo. Ilikuwa mihogo na minazi, nyumba za udongo zilizoezekwa makuti, moja moja yenye bati, na mvua ikinyesha juu ya bati hilo mtaa mzima unasikia. Asubuhi nilifagia uwanja kwa chelewa, nikaenda kupanga ndoo bombani, nikirudi nakuta mama ameshaketi juu ya mbuzi anakuna nazi. Hadi leo nikisikia mtu anakuna nazi, njaa ya utotoni hunirudia tumboni. Tulikula mihogo ya nazi mpaka tukaichoka, na sasa ndiyo chakula ninachokitamani kuliko vyote.

Kibaraza chetu ndicho kilichokuwa cha wabishi. Alasiri, baba akishatoka bandarini alikobeba magunia, akaoga na kubadili shuka, watu walianza kuja. Muuza kahawa aligonganisha vikombe vyake akiwa bado mbali, na mimi nilitumwa kutandika mkeka. Wabishi wenyewe walikuwa wanne. Wa kwanza baba. Wa pili mwenye duka la pembeni, Mwarabu ambaye babu yake ndiye aliyelifungua duka lile, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu kuliko chetu. Wa tatu mwalimu wa shule ya misheni, mtu wa bara, mwenye suruali iliyopigwa pasi na swali moja tu kwa kila jambo: "Nani alipima?" Wa nne ni Mtani.

Mtani alikuwa Mnyamwezi, sisi Wazaramo. Huenda siku hizi hilo halikuambii kitu. Zamani hizo liliwaambia watu kila kitu. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, na mtani wako ana ruhusa ya kukutukana mbele ya mkeo, kukunyang'anya kitoweo mdomoni, kukuita mvivu na mwizi wa kuku, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Anaweza kila kitu isipokuwa kukusifu. Mama alinieleza siku moja nilipolalamika kwamba yule mzee anamwonea baba. "Mtani hakusifu," akasema. "Akikusifu kuna jambo." Nikaliacha pale, sikulitafakari.

Basi, ubishi wa kibarazani ulikuwa ule ule wa wajukuu zangu. Bingwa wa yote ni nani. Mwenye duka alikuwa na Mmarekani wake, ambaye picha yake aliikata kwenye gazeti la kufungia sukari akaibandika ukutani karibu na mizani. Alisema mtu yule alikimbia, akaruka, akatupa mkuki, akacheza na mpira wa kwao usio wa duara. Mwalimu alikuwa na mtu wake, mwenzake wa shuleni huko bara, aliyeruka kamba iliyofungwa juu kuliko kichwa cha mwalimu mkuu, na huyo alipimwa. Mtani alikuwa na marehemu babu yake, mpagazi, aliyetoka Unyamwezi na pembe ya ndovu begani akaja kwa miguu mpaka Bagamoyo. Akifika mtoni anavuka na mzigo. Akitokewa na simba anakimbia na mzigo. Jioni kambini wenzake wakilala, yeye anautua mzigo, anacheza ngoma.

"Nani alipima?" mwalimu aliuliza.

"Pembe yenyewe ilipima," Mtani alijibu.

Na mimi nilikuwa na wangu. Nilikuwa nikipita na birika na kusimama makusudi nyuma ya baba, ili waone nimesimama upande gani.

Baba yangu alicheza mpira miguu mitupu, na mguu wake wa kushoto ulikuwa na kishindo. Aliogelea kule Mtoni maji yakiwa yamejaa, akitoka ng'ambo moja hadi nyingine, na akirudi anakuja na nazi chini ya kwapa kutuonesha kwamba mkono mmoja ulimtosha. Siku ya sikukuu ya mfalme, Waingereza walipofanya michezo uwanjani, alivuta kamba akiwa wa mwisho, yule anayejifunga kamba kiunoni, akakimbia mbio za magunia, kisha mbio za kweli. Mwisho ukaja ule mlingoti waliokuwa wakiupaka mafuta, na blanketi la zawadi juu yake. Vijana walipanda wakateleza, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Baba alijipaka mchanga mwili mzima, akapanda polepole, huku Mtani amesimama chini akipiga kelele, "Mtazameni nyani wa Kizaramo! Shuka, nazi hakuna huko!" Baba akalishusha blanketi. Lilikuwa la kijivu, lina mstari mwekundu, nasi watoto tulilala chini yake tukijiona watoto wa mfalme mwenyewe.

Kibaraza kilikuwa na kanuni yake. Sifa za ndugu hazikuhesabiwa, wala mtu hakujisifu. Aliyetaka mtu wake aitwe bingwa ilibidi wanaombishia wakubali kwa midomo yao. Mwenye duka ndiye wa kwanza kulegea. Baada ya kuuona ule mlingoti alirudi dukani, akamtazama Mmarekani wake ukutani, akaja akasema, "Huyu wangu sijui kama angepanda." Mwalimu alichelewa, lakini siku moja aliishika saa yake mwenyewe baba akivuka maji, na tangu hapo hakumtaja tena mwenzake wa shuleni. Akabaki Mtani.

Mtani hakukubali. Angekubalije? Kila jioni baba alimwuliza, huku akipuliza kahawa, "Leo vipi, bado tu?" Na kila jioni Mtani alimjibu, "Wewe? Wewe hufai hata kumbebea babu yangu kibuyu cha maji." Baba alicheka sana. Lakini mimi nilikuwa mwanawe, nilimjua. Chini ya kile kicheko alikuwa akilitaka lile neno. Alitaka alisikie mara moja, kutoka kwa mtu yule na si mwingine, maana walibeba magunia pamoja na kila mmoja aliyajua mabega ya mwenzake. Usiku nilimwombea alipate. Watoto wengine waliomba viatu.

Kisha kifua kikaanza. Bandarini walikuwa wakishusha saruji, na vumbi lake baba alirudi nalo kwenye kope na masikioni. Alikohoa kidogo, akakohoa sana, na siku moja Mtani akamleta nyumbani mchana amemshika kwapani. "Chukueni mzigo wenu," akamwambia mama. "Umenichosha." Mama akacheka, akamtandikia baba kitanda, akalitoa lile blanketi la kijivu.

Alilala muda mrefu. Hospitali alipelekwa, akarudishwa. Shangazi alikuja na dawa za mizizi zilizonuka nyumba nzima. Na kila alasiri, nguo zikiwa bado na vumbi la kazi, Mtani alisimama mlangoni. "Bado umelala tu? Unaogopa nitakushinda mbio?" Baba alijitahidi kujibu, akicheka huku anakohoa, nami nilimchukia yule mzee kwa kumkohoza baba. Mama alimtilia kahawa. Wakati ule sikuelewa kwa nini mama, aliyekuwa mkali kwa kila mgeni aliyekaa sana, alimsubiri huyu kwa hamu, na akichelewa alitoka nje kutazama njia.

Masika yale mvua zilikuwa kubwa. Alasiri moja Mtani alikuja amelowa, akavua kofia mlangoni. Aliingia bila tusi lolote. Akaketi mwisho wa kitanda, akaingiza mkono chini ya blanketi, akaushika ule mguu wa kushoto wa baba, uliokuwa umebaki mfupa. Nilikuwa pale pembeni nakanda miguu ya baba kwa mafuta ya nazi, nikaondoa mikono yangu kumpisha.

"Ndugu yangu," akasema. Hakuwahi kumwita hivyo. "Nimeshindwa. Bingwa ni wewe. Babu yangu hakufikii."

Sikungoja jingine. Nilitoka mbio na mvua ile ile, miguu yangu imejaa tope, nikaingia dukani nikapiga kelele kwamba baba ameshinda, Mtani amekubali. Mwalimu naye alikuwepo, amejikinga mvua. Nilitegemea watafurahi. Mwenye duka alikuwa anapima sukari, akairudisha sukari yote guniani. "La haula," akasema polepole. Mwalimu akavua miwani. Hakuuliza nani alipima. Akanishika bega, akaniambia, "Twende nyumbani, mwanangu," nikaona mwenye duka anafunga mlango wa duka mchana.

Mama ndiye aliyenihadithia, nilipokuwa mkubwa, kilichotokea nilipotoka. Baba alimtazama Mtani, kisha akageuza uso ukutani. "Kumbe imefika huko," akasema. Mtani akajaribu kulirudisha neno lake, akasema natania, natania, Mzaramo wee, lakini halikurudi. Miaka yote baba alilitaka lile neno, na lilipokuja akajua limekuja kumuaga. Hakuongea sana tena. Alifariki kabla mvua hazijakatika.

Siku ya maziko, kama ilivyo desturi, watani walikuja kufanya kazi yao. Kazi yao ni kuwachekesha wafiwa ili moyo usipasuke. Mtani alivaa fulana ya mpira ya baba, imemfika magotini, akapita uwanjani akimwigiza anavyopiga mpira, na watu wakacheka huku wanalia, hata shangazi akacheka. Lakini jeneza lilipotolewa ndani, akaenda kusimama katikati ya mlango wa ua, akatanua mikono.

"Huyu haendi popote," akasema. "Tuna mabishano hatujayamaliza."

Watu wakacheka tena. Wakadhani anataka kifuta jasho, kama watani wafanyavyo, mtu mmoja akaanza kupapasa mfuko. Akamkatalia kwa kichwa.

"Juzi nilimwambia yeye ndiye bingwa. Mnanisikia? Nimefuta. Mbele yenu nyote nimefuta. Hakuwa lolote huyu. Aamke basi, aamke tubishane."

Hapo hakucheka mtu. Mvua ilikuwa nyepesi, ikilowesha nguo ya jeneza. Alisimama vile vile mikono imetanda, mpaka mwenye duka akaenda, akamshika mkono mmoja, akaushusha taratibu, mwalimu akaushusha wa pili, wakampisha baba apite. Sisi wanawake tukabaki uani.

Kibaraza kile hakipo. Hapo pamejengwa ghorofa, chini wanauza vioo vya simu. Mwalimu alihamishwa bara, duka likapata mwenyewe mwingine, na Mtani aliendelea kuishi miaka kadhaa, lakini babu yake mpagazi sikumsikia akimtaja tena. Wabishi wengine wakilianzisha lile la bingwa, alinyanyuka, akarudisha kikombe cha muuza kahawa, akaenda zake. Utani wenyewe umekwenda. Siku hizi ukimtania mtu anakushtaki, na misibani tunakaa kwenye viti vya kukodi tukisifiana.

Nilipomaliza kulia nilifuta uso kwa upindo wa khanga, nikarudi sebuleni na ungo wangu. Wajukuu walikuwa kila mmoja na simu yake.

"Haya," nikawaambia, "nibishieni. Niambieni baba yangu hakuwa lolote."

Wakatazamana. Yule mdogo akaja akaketi chini, akauchukua mkono wangu kwa upole.

"Hapana, bibi," akasema. "Sie tumeshakubali."