Karatasi Yenye Vidole Vinne

Muuguzi aliponiomba nimtengenezee jirani yangu viatu, nilipaswa kukataa. Nilikubali upesi, hata nikamshukuru, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kujua nitakachofanya.

Nilikuwa fundi viatu Mususa, Butembo, wakati wa vita ya pili ya Kongo. Jirani huyo ndiye aliyewaonyesha askari dari ambamo mdogo wangu alijificha. Nilikiona kidole chake kikielekea juu. Mdogo wangu alipakiwa kwenye gari la kwenda Beni. Mtu mmoja alimwona akishushwa njiani, Mavivi; baada ya hapo hakuonekana tena. Jirani alisema alishikiwa bunduki shingoni. Huenda ni kweli. Mimi nilikiona kidole.

Baadaye akapata ugonjwa wa sukari. Mke wangu pia alikuwa nao, ndiyo maana niliijua kazi ya viatu vya wagonjwa wa sukari. Miguu ya wagonjwa hao hufa ganzi. Kiatu kinaweza kula nyama na mwenyewe asisikie. Kwa hiyo muuguzi alitufundisha kuiuliza karatasi badala ya mtu. Unaweka karatasi nyeupe ndani ya kiatu, juu yake karatasi ya kaboni, ile ya mashine ya kuandikia, mgonjwa anatembea hadi lango la kanisa na kurudi. Mguu unapokandamiza zaidi ndipo panapotoka peusi zaidi. Hapo fundi anachimba soli ya ndani na kujaza sponji. Kila mwezi nilichukua karatasi mpya na kumpelekea muuguzi.

Ya jirani ilitoka na doa jeusi chini ya kidole gumba. Pale nilipopaswa kuchimba, nikaingiza kipande cha tairi, ukubwa wa kifuniko cha chupa, nikakifunika kwa ngozi laini sana.

Alipovivaa alitembea mbele ya kibanda changu kama bwana harusi.

"Fundi, hivi viatu ni matelas kabisa, godoro! Wasingya, wasingya, ndugu yangu!" alinishukuru kwa lugha yetu.

"Tembea tu, papa," nikamwambia. "Tembea sana."

Alitembea. Alifika hadi kijiji cha Vuhovi kununua maharagwe, akarudi akinisifu njia nzima.

Mwezi ulipoisha, doa kwenye karatasi yake lilikuwa jeusi kama masizi. Niliichoma jikoni. Kisha nikaweka karatasi nyingine ndani ya kiatu changu mwenyewe, nikatembea, nikaandika juu yake jina lake. Mwezi wa pili vilevile.

Siku moja muuguzi alizitandaza karatasi zote mezani ili awafundishe wagonjwa, mke wangu akiwa miongoni mwao. Mke wangu alirudi nyumbani, hakuvua hata kitambaa cha kichwa.

"Papa, ule jirani iko na bidole ngapi ku muguu moja?"

"Tano. Kama batu bote."

"Mais lakini karatasi yake iko na bine." Akautazama mguu wangu wa kulia, ambao kidole chake cha mwisho kilikatwa na jembe nikiwa mtoto. "Hii muguu najua. Nalala nayo miaka makumi mbili."

Nikamkumbusha habari za mdogo wangu, ambaye yeye mwenyewe alimlea.

"Miye pia namulilia," alisema. "Mais niko na sukari kama ule jirani. Siku utanikasirikia, utaweka nini mu viatu vyangu?"

Alikwenda mwenyewe kumwambia jirani avue viatu nilivyomshonea. Kidonda kilikuwa kimekwisha kufika mfupani. Walimkata mguu hospitalini Beni. Niliposikia, nilipigilia misumari kibandani asubuhi nzima kwa furaha. Sitadanganya, furaha ile ilikuwa tamu.

Muuguzi hakuniletea tena mgonjwa. Mke wangu naye aliviweka nje viatu vyote nilivyomshonea, akavaa kandambili za plastiki. Nilimtengenezea jozi tatu mpya, nikamwapia juu ya Biblia. Alinipikia, alinisalimia, alinifulia mashati. Viatu hakuvigusa.

Msimu wa mvua uliofuata, kipande cha bati kilimchana kisigino, naye hakusikia. Tulipokiona kidonda kilikuwa kinanuka, na njia ya Beni ilikuwa imefungwa na mapigano. Alikufa siku ya tisa.

Jirani bado yu hai, anapita mlangoni kwangu kwa magongo, na bado sijamsamehe. Lakini si yeye aliyeniulia mke. Viatu vyangu vingemlinda, ila aliiogopa mikono iliyovishona. Kwa mguu mmoja wa adui, nilimpoteza mke wangu.