Nyumba Isiyo na Moshi

Nimechoka kuulizwa Ulaya kukoje. Niliulizwa mara ya kwanza nikiwa bado nimeshika sanduku langu pale stesheni ya Eldoret, na aliyeniuliza alikuwa mpagazi ambaye hata sikumjua. Baadaye nikaulizwa kanisani, nikaulizwa kwenye foleni ya posta, nikaulizwa hata matangani, marehemu bado hajazikwa. Kadiri nilivyozeeka ndivyo majibu yangu yalivyopungua. Jibu la kwanza lilikuwa refu na la kijinga, na aliyelilipia ni mama yangu.

Wakati huo nilikuwa mwalimu wa shule ya misheni iliyokuwa pembeni mwa shamba la kaburu mmoja, kwenye barabara ya kwenda Turbo. Baba alikuwa ametoka magharibi akiwa kijana kuja kufanya kazi kwa kaburu huyo. Alipewa mahali pa kujenga na kipande cha kulima, akafia hapo hapo. Mama alibaki na nyumba yake ya nyasi na shamba dogo la mahindi, kwa ruhusa tu. Miaka michache baada ya vita vya pili, misheni ikanipeleka Uingereza mwaka mmoja kuongeza masomo ya ualimu. Nilimwacha mke wangu na watoto wawili chini ya mama, nikaenda.

Habari za maji ya mfereji na taa za umeme nitaziacha. Kila aliyefika Ulaya amezisimulia, na hata kaburu wetu alikuwa nazo. Mimi nilikaa katika mji wa viwanda, chumba cha juu, nyumbani kwa mjane mmoja wa Kizungu. Kilichonishinda ni mtu wa makaa. Kila wiki alikuja na gunia la makaa ya mawe mgongoni, mzungu mweusi tititi kuanzia kofia hadi viatu, akapita mlango wa nyuma. Siku ya kwanza tulikutana ujiani, akaniambia, "Samahani, bwana, nipishe." Nyumbani mimi nilikuwa natembea na kipande cha utambulisho mfukoni na kuvua kofia mbele ya watoto wa kaburu. Nilisimama pale nimeganda mpaka mtu wa watu akalazimika kuniomba mara ya pili.

Yalikuwepo na mengine ambayo hayakuingia kichwani vizuri. Sukari yao ilikuwa ya kupimiwa kwa kadi, ilhali kwenye meza ya kaburu wetu ilijaa bakuli. Nilimwandikia mke wangu kwamba wazungu wa huku wanakunywa chai isiyokolea. Alinijibu kwamba huenda meli ilinishusha nchi nyingine.

Lakini nililolishika mimi ni kifua cha yule mjane. Alikuwa amepita miaka sabini. Alipanda na kushuka ngazi siku nzima na sikumsikia akikohoa hata mara moja. Mama yangu alikuwa mdogo wake kwa miaka mingi, na alikuwa akikohoa tangu nipate akili, kikohozi kirefu cha kumkunja mtu mpaka ashike ukuta. Daktari wa Eldoret alishamwambia kwamba ni moshi wa jikoni na kwamba utakuja kumuua. Basi jioni nyingi nilikaa mbele ya moto wa yule mjane nikitazama moshi ukipanda ndani ya bomba la matofali na kupotea, nikawa na hasira. Kwamba huko nje mji mzima ulikuwa mweusi kwa moshi huo huo, na kwamba mjane alianua nguo zake zikiwa na masizi, niliona, ila sikulitia maanani. Nilikuwa nimeshajua ninalotaka kuona.

Niliporudi, Bwana DC alinitaka niseme machache barazani. Nilisema saa nzima. Kipimo changu kilikuwa kimoja kwa mambo yote: huko wanayo, hapa hatuna. Huko wana barabara, hapa hatuna. Huko wazee wana afya, hapa hawana, kwa sababu ya uvivu na mazoea mabaya. Sikusema kwamba tulipelekwa kuona kiwanda cha ngozi, nikasikia harufu ninayoijua, nikaambiwa ni dawa ya magome ya miti ya miwati iliyotoka Kenya. Miwati ile watu wa baraza hiyo ndio waliikata na kuimenya, na wengi wao walikuwa wamekaa mbele yangu miguu mitupu. Lakini Bwana DC naye alikuwa mbele, anatikisa kichwa kwa kuridhika, na mimi nilipenda kutikisiwa kichwa.

Aliyekuwa na hamu kuliko wote ni kaburu mwenyewe. Alikuwa hajawahi kukanyaga Uingereza; aliletwa kutoka Kusini akiwa mtoto mchanga, ndani ya gari la kukokotwa na maksai. Aliniita kwenye veranda yake, akaniacha nimesimama.

"Wewe naona kweli mzungu nafagia barabara?"

"Nimeona, bwana."

"Nabeba mizigo?"

"Anabeba, bwana. Hata makaa."

Akafikiri kidogo. "Hiyo hapana mzungu," akasema. "Hiyo ni Mwingereza."

Alifurahi sana kwa jibu lake mwenyewe. Nilipomwomba matofali ya ghala lake lililobomoka akaniruhusu nichukue, akauliza ni ya nini. Nikamwambia ni ya chimni, bomba la kutolea moshi jikoni kwa mama. Alicheka mpaka mkewe akatoka kuangalia.

Nyumba ya mama ndiyo iliyokuwa jiko letu sote. Mafiga yalikuwa katikati, na juu yake, kwenye fito za paa, yalining'inia mahindi yake ya mbegu, yamefungwa mawili mawili kwa maganda yake, meusi kwa masizi. Yalikuwa mahindi mekundu ya kwao, mafupi na magumu. Alikuja nayo alipokuja kuolewa, ameyafunga kwenye kitambaa, na aliyempa ni mama yake. Kila mwaka alichagua mazuri, akayapandisha juu ya moto, akapanda hayo. Kaburu alikuwa na mahindi yake meupe marefu, na majirani wengi walishahamia huko. Mama alisema hayo meupe ni ya kuuza.

Nilipomweleza habari ya chimni alisikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa msikivu. Halafu akainua macho kwenye paa.

"Sasa hiyo moshi ikitoka yote, mbegu yangu itakaa na nani?"

"Mama, mbegu si mtoto. Tutaiweka kwa debe, tufunge vizuri."

"Huko wanaweka kwa debe?"

"Wanaweka."

"Umeona?"

"Nimeona."

Sikuwa nimeona. Katika mji ule hapakuwa na hata shina moja la mahindi, na sikuwahi kukutana na mtu aliyehifadhi mbegu ya aina yoyote. Lakini kwa miezi miwili nilikuwa nimejibu kila swali la kila mtu, na mdomo ulishazoea. Kama angeniuliza wanavyochinja simba huko, ningemwambia pia.

"Kama umeona, baba, sawa," akasema mama. Kwetu mama humwita mwanawe baba. Neno hilo linaniuma hadi leo.

Tulijenga chimni mwezi wa tisa, mimi na fundi mmoja aliyewahi kuwajengea makaburu. Mafiga tuliyatoa nje. Mke wangu alilalamika kwamba moto wa ukutani unakula kuni mara mbili na kwamba joto linaenda juu na moshi, na katika baridi ya Uasin Gishu hilo si jambo dogo. Nilimwambia atazoea. Wageni walikuja kuangalia, wakiingia wameinama kwa mazoea ya kukwepa moshi, wakainuka polepole, wakacheka. Nami nikawaeleza.

Na sitamdanganya mtu: kikohozi kilipungua. Kufikia Krismasi mama alikuwa akiimba kanisani wimbo mzima bila kukatika. Mke wangu, aliyekuwa bado amenikasirikia kwa ajili ya kuni, alisema mwenyewe kwamba mama amenenepa. Nilimwona akibeba mtungi kutoka mtoni bila kusimama njiani, nikajiambia kwamba safari yangu yote na baridi yote ile vilikuwa kwa ajili ya hili. Kama hadithi ingeishia hapo, ningekuwa bado nahutubia mabaraza.

Mavuno ya mwaka huo yalikuja na manyunyu. Mama alichagua mahindi yake kama kawaida, akayashika mkononi akitafuta pa kuyatundika. Nilimsaidia kuyapukuchua. Alisema hayajakauka vizuri, kwamba kazi ya kuyamalizia ilikuwa ya moto. Nilimwambia debe halipitishi hewa, mdudu ataingilia wapi? Nikayamimina kwenye debe la mafuta ya taa nililoliosha kwa majivu na maji moto, nikaziba mfuniko kwa nta, nikaliweka chini ya kitanda chake. Nilimkataza kufungua. Akatii, miezi minne.

Mvua ya kwanza iliponyesha, mwezi wa tatu mwishoni, mama aliamka mapema, akatandika mkeka mlangoni, akaniita nimfungulie. Harufu ilitoka kabla mfuniko haujatoka. Katikati mbegu zilikuwa zimeshikana bonge moja, zimevaa ukungu wa kijani. Pembeni, ambako hazikuoza, fukusi walikuwa wamekula ndani wakaacha maganda. Bila shaka waliingia nazo kutoka shambani. Moshi ndio uliokuwa ukiwafukuza miaka yote. Mama alimwaga zote mkekani. Alizichambua punje kwa punje, akabonyeza kila moja kwa ukucha, na kila moja ilibonyea. Mimi nilikuwa nimechuchumaa kando, nikisema kwamba labda zile za chini, labda hizi hapa. Watoto walikuja wakaangalia, mke wangu akawaita waondoke.

Alipomaliza alikunja mkeka.

"Ungeniacha nikohoe," akasema.

Hakusema kwa ukali. Angenitukana ningepona mapema.

Nilikwenda kwa kaburu, nikapewa mbegu zake nyeupe. Mama alizipanda kwa mistari iliyonyooka, akazipalilia mara mbili bila kuacha jani, kazi safi. Baada ya palizi ya pili akasema anaenda nyumbani magharibi kutafuta. Huenda yuko mtu wa ukoo wake aliye nazo bado. Nilimwambia nyumba ya baba ya huko haijakaliwa miaka mingi, paa limechoka, na moshi utamrudishia ugonjwa. Alinitazama kama mtu anayesubiri mvua ipungue ili aondoke. Mke wangu alimfungia nguo na sufuria moja, nikamsindikiza hadi lori.

Nilibaki na nyumba nzuri. Haikuwa na moshi wala kikohozi. Watu waliendelea kuja kuiona, na kijana mmoja karani kutoka mjini aliniuliza kwa heshima, "Mwalimu, unafikiri sisi tutawafikia lini hawa watu?" Nilikuwa na jibu la swali hilo, niliwahi kulitoa mara nyingi. Nilimwambia sijui. Akadhani nina homa.

Mama alituma habari mara moja, kwa dereva wa lori: amepata punje kiasi cha kiganja kwa wifi yake, amezipanda, lakini hana hakika kama ndizo zenyewe, huenda zimechanganyika. Hakutuma salamu za kwangu peke yangu. Alisema tu, wote.

Likizo ya mwezi wa nane nikaenda kumwona. Njia nzima nilipanga maneno ya kumwomba arudi. Nilikuwa na barua ya daktari mfukoni, ya kumkataza moshi, na nilikuwa nimeapa kwamba safari hii sitataja Ulaya. Nilishuka barabarani nikatembea katikati ya mashamba, na kabla sijaiona nyumba nilimsikia. Kilikuwa kikohozi kile kile, kirefu, cha kukata pumzi. Nilipopinda kona nikaona moshi unavuja kwenye nyasi za paa kila upande.

Nilisimama njiani. Mimi niliyesomeshwa, niliyeuchukia moshi huo tangu utotoni, niliyejua kwa mdomo wa daktari unaelekea wapi, nilisimama pale nikimsikiliza mama yangu akikohoa, na nilifurahi, maana moto wa kutunzia mbegu ulikuwa unawaka tena. Nilikuwa sijafurahi hivyo tangu nirudi. Niliona haya, nikaipasua barua ya daktari, nikaenda kupiga hodi.